Ndoo

Lali Shekuwe, miaka sita,
alikaa na penseli wiki tatu
kama mtu aliyepewa ufunguo
na asionyeshwe mlango.

Ukimwambia andika, hutazama dari.
Ukimwambia sema, nani atamnyamazisha?
Mbuzi wa kwa Mwanaamina kala ukili wa mkeka,
paka kazaa ndani ya sanduku la juzuu, kule chuoni,
watoto wanne, mmoja hana mkia,
na babu kaapa si paka wake.

Basi kitabu nikakiweka kando.
Lali, nikasema, nihadithie jana.
Akameza mate.
"Yana mama kanita, Ndoo!"

Mimi mtu wa Malindi,
huu mwezi wangu wa pili Matondoni.
Nikageukia ubao nikachora ndoo,
na mkono wake, na matone mawili ya maji.
Darasa likacheka hata Mwanatumu akapaliwa na uji.
Siyo ndoo, mwalimu! Ndoo!
Mikono yote ikanipungia, viganja chini:
ndoo, ndoo, ndoo.

Nikaja.

Tukaketi mkekani na mbegu za ukwaju,
kila neno na mbegu yake.
Yana. Mama. Kanita. Ndoo. Mayi. Yamekuya.
Sita. Akazihesabu tena, kwa mashaka,
maana alidhani maneno ni kama mvuke wa chai,
hutoka yakapotea, hayana idadi.
Akaondoa mbegu moja, akasema upya,
akalisikia pengo,
akairudisha upesi kama mwizi aliyeona haya.

Ndipo chini ya kila mbegu nikaandika
nilichosikia, si nilichofunzwa chuo cha ualimu.
Akapitisha kidole, kushoto kwenda kulia,
kinyume cha kidole chake cha chuoni,
akafika mwisho, akarudi.
"Huyu mama," akasema.
"Lakini hapa hapigi kelele."

Ijumaa akaingia mwalimu mkuu, Bwana Famau,
naye mzawa wa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka kisimani.
Akatoa kalamu nyekundu.
Yana, jana. Ndoo, njoo. Mayi, maji.
"Mtihani hauulizi Kiamu," akasema,
wala hakusema uongo.
Lali akaisoma ile nyekundu, polepole, bila kukosea.
Kisha akauliza,
"Na huyu, mamake nani?"

Bwana Famau alitafuta kifuniko cha kalamu
muda mrefu kuliko kawaida ya kifuniko.

Tangu siku hiyo karatasi zetu zina orofa mbili:
tini, kinywa cha nyumbani;
juu, kinywa cha mtihani.
Watoto hupanda, hushuka,
wapo wanaokaa katikati ya ngazi wakicheza.
Sijui kama itatosha.
Shee bado anatazama dari.
Mwanatumu amekula mbegu tatu
na sentensi yake fupi hadi leo.
Mkaguzi atakuja mwezi wa saba
na sijui atasimama orofa gani.

Ila leo asubuhi, kabla ya kengele,
nimekuta karatasi mezani, imekunjwa mara nne.
Herufi zimeegemeana kama wagonjwa foleni,
N imegeuka imempa mwenzake kisogo,
hakuna mbegu, hakuna aliyemwambia andika:

MWALIMU NDOO KWETU
MAYI YAMEKUYA

Nimesoma kwa sauti, peke yangu,
mara ya kwanza kwa kinywa changu, mara ya pili kwa chake.
Mfereji wa shule ni mkavu tangu Jumatatu.
Ananiita, au ananiambia nibebe?

Nimechukua ndoo,
nimekwenda.